Safari ya Amboni: pango kwanza, fulana baadaye

Nimekuwa kimya wiki mbili hizi, lawama zote ziende kwa testi mfululizo na zile asaimenti za kikundi ambazo kikundi ni watu wawili, wengine ni majina tu kwenye karatasi. Leo nimeibuka kwa jambo moja tu, nalo ni safari yetu ya Amboni.

Kwa ambao sio wa darasa letu: sisi ni mwaka wa pili, ualimu, Jiografia na Historia. Tumepanga kwenda kuona Mapango ya Amboni kule Tanga. Kamati imeshabandika ratiba na Alhamisi saa kumi jioni kuna kikao cha kuipitisha. Nimeisoma ile ratiba mara tatu. Jumamosi kuondoka Dar saa kumi alfajiri. Kufika Tanga saa nne. Kisha ufukweni, kuogelea, chakula, muziki na picha mpaka saa nane na nusu. Mapango saa tisa kamili mpaka saa tisa na dakika arobaini na tano. Saa kumi jioni kugeuza.

Yaani dakika arobaini na tano! Tunakaa kwenye basi kama saa kumi na mbili kwenda na kurudi, karibu kilometa 350 kila upande, halafu kile kitu kilichoandikwa kwa herufi kubwa juu ya tangazo kinapewa muda mfupi kuliko foleni ya kantini siku ya pilau. Wanasema Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini naona kamati yetu imelichukua neno lenyewe kama lilivyo.

Kabla hamjanirukia, CR wetu ni mtu mwema na dada mweka hazina anafanya kazi ya bure ambayo mie nisingeiweza. Sina ugomvi na mtu. Na ndiyo, mie ni mtu wa Muheza, mtasema navutia kwetu. Semeni tu. Ninachotaka kusema ni kwamba kama tunakwenda kuona pango, basi siku ipangwe kulizunguka pango, hayo mengine yatafute nafasi pembeni. Kama tunakwenda kuogelea, tuseme tunakwenda kuogelea. Maji ya bahari yapo hapa hapa Dar, nauli ya daladala inatosha.

Kwa nini nang'ang'ania? Kwa sababu mwisho wa mwaka huu wa masomo tunakwenda tena kwenye mazoezi ya kufundisha, na mada ya maumbo ya ardhi ya chokaa ipo. Jiulize utafundisha nini. Utachora ubaoni kitu kinachoning'inia kutoka juu, uandike stalaktaiti, uchore kingine kinachoota kutoka chini, uandike stalagmaiti, watoto wanakopi, kengele inalia. Mie nilifundishwa hivyo hivyo, na nyie nadhani hivyo hivyo. Mwalimu aliyenichorea hakuwahi kuingia pangoni, na aliyemfundisha yeye pengine naye hakuwahi. Sisi tuna nafasi ya kuukata huo mnyororo, na tumeipa dakika 45.

Nimesema nilifundishwa ubaoni, lakini Amboni niliwahi kufika. Kidato cha pili, ziara ya shule. Tulikuwa wanafunzi zaidi ya 80 tukaingia wote kwa mkupuo mmoja, mwongozaji mmoja mbele, mwalimu mmoja nyuma. Mimi nilikuwa katikati. Mnajua nilichokiona? Shingo ya mwenzangu. Mwongozaji anaongea kule mbele, sauti inagonga kuta inarudi uji mtupu, huku nyuma watu wanapiga mayowe wasikie mwangwi, popo wamechanganyikiwa, tochi za watu zinanimulika usoni. Tulitoka baada ya nusu saa jasho linatiririka, kila mtu anasema kuzuri. Kuzuri wapi? Mwaka uliofuata ndipo mjomba wangu akanipeleka tena, tukiwa watu watano tu. Hapo nikaona.

Niwasimulie kidogo, maana kuna wengine kwenye lile kundi letu la simu wanauliza "kwani kuna nini zaidi ya giza".

Mapango yapo kama kilometa 8 kaskazini ya mjini Tanga, unashika barabara ya Horohoro inayokwenda mpaka wa Kenya, halafu unaingia upande wa Kiomoni. Mto Mkulumuzi unapita chini yake. Mwamba wenyewe ni chokaa ya kipindi cha Jurasi, kama miaka milioni 150 iliyopita, maana yake ni kwamba pale unaposimama palikuwa chini ya bahari. Lakini angalieni wana Jiografia wenzangu, huo ni umri wa mwamba. Pango ni changa kuliko mwamba. Watu wengi wanachanganya, hata kwenye vipeperushi.

Pango limechimbwa na maji. Mvua inashuka, inachukua kaboni dioksaidi hewani na zaidi kwenye udongo, inakuwa asidi dhaifu kabisa, dhaifu kama soda iliyoisha gesi. Lakini ukiipa muda, inakula chokaa kwenye nyufa mpaka ufa unakuwa njia na njia inakuwa ukumbi. Halafu kazi inageuka. Tone likifika kwenye dari ya pango linapoteza ile kaboni dioksaidi, linashindwa kuibeba chokaa yote, linaiacha hapo utando mwembamba sana. Tone jingine, utando mwingine. Kiwango kinachotajwa mara nyingi kwa stalaktaiti ni kama sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka, sehemu nyingine zaidi, nyingine pungufu. Pima kidole chako cha kati. Kama ni sentimeta 7, unaangalia kazi ya miaka 700 hivi. Mtu mmoja akiikwanyua akaweke dirishani hosteli, au akaiegemea kwa ajili ya selfi ikakatika, habari ndio imeisha hiyo, hakuna fundi.

Hata kugusa tu. Mikono yetu ina mafuta, na mafuta yakikaa pale jiwe linabadilika rangi na maji yanashindwa kuacha chokaa vizuri. Mtu mmoja akigusa sio neno. Watu 50 wa darasa moja, wakifuatiwa na darasa jingine, na jingine... Wafaransa walilijua hilo kwa uchungu. Pango lao la Lascaux, lenye michoro ya watu wa kale, liligunduliwa 1940, likafunguliwa kwa watalii 1948, na 1963 likafungwa. Pumzi tu za watu, joto na unyevu wao, pamoja na mwanga wa taa, vilitosha kuharibu michoro iliyokuwa imekaa salama maelfu ya miaka. Hapakuwa na haja ya mtu kubeba nyundo.

Sasa sisi tunataka kuingiza watu 43 kwa wakati mmoja, saa tisa alasiri, wametoka kuogelea na kucheza muziki, wengine, tusidanganyane, wameshalainika. Hapana jamani.

Halafu kuna upande wa Historia, ambao ratiba haukuugusa kabisa utadhani sisi ni wa somo moja. Kampuni ya mkonge ya Amboni ilichukua eneo lile 1892, wakati wa Wajerumani. Mwaka 1922 ikawaarifu Waingereza, na 1937 likatangazwa eneo la kuhifadhiwa. Mwaka 1963, baada ya uhuru, likaenda Idara ya Mambo ya Kale, na miaka ya karibuni limekabidhiwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Wilaya nzima ya mkonge, ukoloni na uhuru unaisoma pale getini kabla hujawasha tochi. Na humo ndani, wenyeji wanasimulia, ndimo alimokuwa akijificha Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi miaka ya 1950 wakisakwa na polisi wa mkoloni. Wengine wanamwita shujaa aliyewanyang'anya wenye nacho akawapa wanyonge, serikali ya wakati ule ilimwita jambazi. Hapo kuna mjadala wa semina nzima, na ungekuwa mtamu zaidi mkiwa mmekaa kwenye mawe yale yale.

Kuna na ule mkasa wa mbwa. Kila mtu Tanga anao. Wazungu waliingia na mbwa wao, wazungu hawakuonekana tena, mbwa akatokea Mombasa, au Kilimanjaro, inategemea nani anakusimulia na umemnunulia nini. Mwaka 1994 timu ya Wajerumani na Waturuki ilipima, ikakuta mapango 10 na refu kuliko yote lina kama meta 900. Kwa hiyo mbwa alipita njia nyingine. Lakini mie sipendi mtu anayemkatiza mwongozaji katikati ya hadithi ili aonyeshe kwamba amesoma. Msikilize mpaka mwisho, kipimo utakitoa kwenye basi. Hadithi nayo inafundishika.

Na muhimu kuliko mkasa wa mbwa: pale ni mahali pa ibada kwa watu. Wenyeji wanapaita Mzimu wa Mabavu, watu walikwenda kuomba wapate watoto, wapone, wapunguziwe majonzi, na wapo wanaokwenda mpaka leo. Mkikuta vitu vya tambiko, ubani, kitambaa, chupa ya marashi, msiguse, msicheke, msipige picha. Iwe wewe ni mlokole au ustaadhi, kaa kimya upite. Hatungependa mtu aje kuchekea msikitini kwetu wala kanisani.

Haya, twende kwenye hela, maana najua ndiko mnakonisubiri.

Mchango wa kamati ni 85,000. Basi 40,000, fulana 15,000, ufukwe na chakula 25,000, kiingilio na dharura 5,000. Darasa letu ni watu 61 na waliojiandikisha ni 43. Katika wale 18 ambao hawajajiandikisha, 9 wameniambia wenyewe kwa nyakati tofauti kwamba tatizo ni hela, na wote waliniambia kwa sauti ndogo. Wengine wanatuma sehemu ya bumu nyumbani, mnalijua hilo, hata kama hatulisemi. Mmoja wao ndiye anayetufundisha kusoma ramani kila tukikaribia mtihani. Tutakwenda Amboni tumwache yeye, halafu tuvae fulana zilizoandikwa "Familia Moja"? (Ndiyo, ndivyo zilivyoandikwa, nimeuona mchoro.)

Hesabu yangu hii hapa. Mwenye basi nimemuuliza, kwa siku mbili anataka 2,080,000 badala ya 1,720,000. Tukiwa 52, yaani hao 9 wakija, inakuwa 40,000 kila mtu, sawa sawa na ile ya kwanza. Kulala gesti ya kawaida mjini, chumba 20,000 watu wawili, ni 10,000. Kiingilio, waongozaji na tochi 8,000, na ikibaki inarudi. Jumla 58,000. Chakula kila mtu anajinunulia, na mjini Tanga kwa elfu tano unakula wali samaki ukashiba, kwa hiyo ukijumlisha milo miwili unafika 68,000. Bado ni 17,000 chini ya mchango wa kamati, na umelala Tanga. Wanaotaka fulana wachapishe zao, mie sizuii mtu kuvaa.

Muda nao: tunaondoka Ijumaa saa nane mchana, wenye swala ya Ijumaa wakiwa wameshaswali. Saa mbili usiku hivi tupo Tanga. Najua mabasi yameruhusiwa kutembea usiku tangu 2023 na kuna mtu atasema tuondoke usiku wa manane tufike alfajiri, lakini kundi ambalo halijalala halisikii kitu pangoni. Jumamosi saa tatu asubuhi kundi la kwanza linaingia, watu 13. Baada ya dakika 25 la pili. Mpaka la nne, ambalo linatoka kama saa tano na robo. Wanaosubiri wakae kivulini, wana Historia na wana Jiografia waulizane maswali, sio adhabu. Saa sita tupo mjini, anayetaka kuiona bahari aende Raskazone kwa hela yake, saa nane tunaondoka, Muheza dakika kumi za machungwa (hizo haziguswi, nitalala barabarani), saa mbili usiku Dar.

Cha kufanya kabla ya Alhamisi ni kupiga simu kule, tuwaambie tunakuja wangapi na saa ngapi, ili waongozaji wawepo wa kutosha. Hilo naona halijafanyika. Na tuwaulize njia ikoje, kwa sababu ndani kuna pa kupanda, pa kuteleza na pa kuinama, na tunaye mwenzetu anayetembea kwa gongo na wengine wawili wenye pumu. Hakuna aliyewauliza. Mimi nisiwaamulie hapa, wao ndio waseme wanataka kufika wapi, na sisi tupange mwendo wa kundi lao kulingana na hilo.

Viatu viwe vya kufunga vyenye meno. Kandambili na vile vya kutokea, acheni gesti. Kila mtu na tochi, taa ya simu inakula chaji na ukiishika huna mkono wa kujishikia. Ikitokea mvua kubwa usiku tuwe tayari kuambiwa tusubiri, na tukiambiwa tusubiri tusubiri, hakuna cha "sisi tumetoka mbali".

Popo wapo, wengi. Tusiwatupie mawe wala kuwapigia kelele, na kinyesi chao tusikishike. Sitishi mtu, ila mwaka 2008 mtalii mmoja wa Kiholanzi alifariki kwa homa ya Marburg baada ya kuingia pango la popo magharibi ya Uganda. Hiyo ni Uganda na lile ni pango jingine, lakini kunawa mikono kabla ya kushika chapati haigharimu kitu. Wazazi wawili wameuliza pia juu ya usalama, kwa sababu ya yale mapigano ya Februari 2015 kati ya vyombo vya usalama na watu wenye silaha maeneo ya Amboni, ambapo mwanajeshi mmoja alipoteza maisha. Wana haki ya kuuliza. Wageni wanaendelea kwenda, shule zinakwenda, na tukipiga hiyo simu tuliulize na hilo ili mzazi apewe jibu na wahusika, sio na mie.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu. Mwenzangu wa chumba anasema watu wamechoka, semista imetukamua, wanahitaji siku ya kucheka bila somo lolote, na mie nataka kuwarudisha darasani ndani ya shimo. Kweli watu wamechoka. Lakini yeye hajawahi kuingia. Kuna sehemu mwongozaji akiomba mzime tochi zote, mkiwa watu kumi na tatu na mmenyamaza, unaweka mkono mbele ya uso huuoni. Unasikia tone linadondoka mahali, unahesabu, halafu jingine. Mie nilihisi kichwa kimepumzika kuliko nilivyowahi kupumzishwa na muziki wowote. Mkiwa 43 hakuna kitu kama hicho, lazima mmoja atapiga mluzi.

Basi Alhamisi saa kumi, chumba kile kile cha juu. Nitakuja na hesabu imeandikwa ili dada mweka hazina aikague, na mwenye basi amenishikia bei yake mpaka Ijumaa asubuhi. Wale 9, njooni kikaoni hata kama hamna hela mkononi, kura mnayo. Wanaonipinga nao karibuni, ila mje na ratiba yenu ikionyesha pango linapata saa ngapi.

Naenda kukinga maji, yametoka sasa hivi bweni letu na nasikia ndoo zinagongana.